Kwenda kutazama G League: tiketi, ada, kiti na siku yenyewe ya mechi

G League ni ligi ya daraja la chini ya mpira wa kikapu inayoendeshwa na NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Ilianza 2001 ikiwa na timu 8 za kusini mashariki mwa Marekani, mwaka 2005 ikabadilishwa jina na kuitwa D-League, na tangu 2017 inaitwa G League kutokana na udhamini wa kinywaji cha Gatorade. Siku hizi kila timu ya NBA ina timu yake ndogo humo. Ipo pia Capitanes ya Mexico City, ambayo haiko chini ya timu yoyote ya NBA.

Sisi Waswahili ligi hii inatugusa kuliko wengi wanavyodhani. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, aliyechaguliwa namba 2 katika drafti ya 2009, yaani uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, Februari 2010 alipelekwa na Memphis Grizzlies kwenye timu ya Dakota Wizards, huko Bismarck, North Dakota. Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi, amepitia Indiana Mad Ants na Salt Lake City Stars. Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma, alianzia G League Ignite, timu ambayo sasa haipo tena. Timu nyingine ziko palepale wanapoishi watu wetu wa Kongo, Burundi na Afrika Mashariki: Des Moines, Sioux Falls, Grand Rapids, Greensboro, Portland ya Maine. Ukumbi wa Portland Expo, uliojengwa 1914 na ambao ni nyumbani kwa Maine Celtics, ndio huohuo uliotandazwa vitanda kiangazi cha 2019 kupokea mamia ya waomba hifadhi, wengi wao kutoka Kongo na Angola. Wapo watu waliolala juu ya sakafu ile kabla hawajawahi kuona mpira ukidundishwa hapo.

Kabla ya yote lishike hili: bei ya tiketi yenyewe katika ligi hii ni ndogo. Pesa inaliwa na vinavyoizunguka, yaani ada, maegesho na chakula. Raha ya mechi nayo inategemea siku uliyochagua na mahali ulipokaa kuliko jina la mchezaji uliyemfuata. Hatua zinazofuata zimepangwa kwa mantiki hiyo.

Hatua ya 1: Hakikisha timu, mji, tarehe na saa

Hapa ndipo watu wanapopoteza pesa mapema, hasa wanaonunua kwa haraka kwenye simu.

Majina ya timu hupotosha. Maine Celtics si Boston Celtics, South Bay Lakers si Los Angeles Lakers, na Stockton Kings si Sacramento Kings. Mtu akiandika "Lakers" kwenye tovuti ya tiketi akaona bei ya dola 40, hufurahi kabla hajasoma mstari wa pili. Miji nayo ina mitego. Portland ziko mbili: Maine Celtics wanacheza Portland ya jimbo la Maine, pwani ya mashariki, na Rip City Remix wanacheza Portland ya Oregon, upande wa pili wa nchi, safari ya ndege ya siku nzima. Memphis Hustle hawachezi Memphis, wanacheza Southaven, ng'ambo ya mpaka wa jimbo la Mississippi. Windy City Bulls hawachezi katikati ya Chicago, wako Hoffman Estates, mbali kabisa na treni za mjini. Osceola Magic wako Kissimmee. Kwa hiyo soma jina la ukumbi na anwani yake, kisha ipeleke kwenye ramani kabla ya kulipa.

Tarehe za Marekani huanza na mwezi. 12/3 ni Desemba 3. Haina uhusiano na Machi 12. Msimu unaanza Novemba na unaisha mwishoni mwa Machi, mtoano ukifuata mara moja, na miezi hiyo yote ina tarehe zinazosomeka pande mbili bila kukushtua. Soma siku ya wiki iliyoandikwa pembeni, ndiyo itakayokuokoa. Saa nazo zigeuze kwa sauti ukiwa na wenzako: 7:00 PM ni saa 1 jioni, 11:00 AM ni saa 5 asubuhi. Katika familia yenye wazee wanaohesabu saa kwa Kiswahili na watoto wanaohesabu kwa Kiingereza, "saa saba" imewahi kuwakosesha watu robo mbili za kwanza.

Hatua ya 2: Chagua siku kabla ya kuchagua kiti

Timu moja hucheza takriban mechi 50 kwa msimu, nusu yake nyumbani. Maana yake una nafasi kama 24 hivi za kuchagua, na mechi hizo hazifanani hata kidogo.

Jumamosi jioni ndiyo ya bei ya juu na ya shangwe kubwa. Zawadi za mlangoni, kama fulana, kofia au sanamu ndogo ya mchezaji, mara nyingi huwekwa siku hiyo. Tangazo likisema zawadi ni kwa watu 500 au 1,000 wa kwanza, hesabu hiyo hufanywa mlangoni, si kwenye ununuzi wa tiketi. Ukifika dakika 20 kabla ya mechi, sahau.

Jumanne na Jumatano ndizo za bei ya chini, na kumbi huwa nusu tupu. Mtu anayeupenda mchezo wenyewe, au mwenye kijana anayejifunza kikapu, hizi ndizo siku zake. Unasikia kila neno la kocha, unasikia mabeki wakiitana majina ya mipango, unasikia soli za viatu zikilia kwenye mbao. Kelele za Jumamosi huyafunika hayo yote.

Kisha kuna mechi za wanafunzi, zinazoanza kama saa 4:30 au saa 5 asubuhi katikati ya wiki. Shule huleta watoto kwa mabasi na ukumbi unajaa vifijo vyembamba mwanzo hadi mwisho. Tiketi huwa rahisi sana, lakini usimpeleke mtoto mchanga wala mzee mwenye shida ya masikio. Tunasema hivi kwa dhati: ukumbi uliofungwa wenye watoto 2,000 wanaopiga kelele kwa pamoja si mahali pa mtu anayeumwa kichwa.

Usinunue tiketi kwa sababu ya mchezaji mmoja. Kila timu ya NBA inaruhusiwa wachezaji 3 wenye mkataba wa pande mbili, yaani wa NBA na G League kwa pamoja, ambao wanaweza kuitwa juu NBA hadi mechi 50 za msimu. Kuanzia Januari 5 timu za NBA huweza pia kusaini mtu yeyote kwa mkataba wa siku 10. Mchezaji uliyemwona kwenye bango asubuhi anaweza kuwa kwenye ndege jioni, na hakuna timu inayorudisha pesa kwa sababu hiyo. Na kinyume chake hutokea: nyota wa NBA anayetoka kwenye jeraha hushushwa kwa mechi moja au mbili apime mguu, na habari hutoka siku hiyohiyo au usiku wa kuamkia. Mwenye tiketi ya dola 15 mkononi siku hiyo ana bahati. Asiyekuwa nayo atakutana na walanguzi.

Hatua ya 3: Elewa bei inavyojengwa

Tiketi ya kawaida huwa kati ya dola 10 na 40, kutegemea mji. Viti vya kando kabisa ya mstari wa uwanja hupanda hadi dola 75, 100, na zaidi. Kinachopandisha bei kuliko kingine chochote ni ukubwa wa ukumbi. South Bay Lakers wanacheza kwenye ukumbi wa mazoezi El Segundo ambao haufikishi viti elfu moja. Iowa Wolves wanacheza Des Moines kwenye ukumbi mkubwa unaoweza kuchukua zaidi ya watu 15,000, kwa hiyo sehemu ya juu mara nyingi hufungwa na tiketi za chini hubaki rahisi. Ligi ni ileile, wachezaji ni walewale, lakini mmoja anagombania kiti na mwingine anachagua kiti.

Bei pia hupanda na kushuka kwa mahitaji. Ukiona tiketi ya Jumamosi ni dola 18 leo, wiki ijayo inaweza kuwa 24. Za katikati ya wiki hazina haraka hiyo. Zisubiri, na matangazo ya punguzo huja siku 3 au 4 kabla ya mechi kwa barua pepe. Jiandikishe kwenye orodha ya barua pepe ya timu, kwa anwani ya pembeni kama hutaki kusumbuliwa.

Sasa ada. Tangu Mei 12, 2025 kanuni ya serikali ya Marekani inamtaka muuzaji wa tiketi za maonyesho na michezo aonyeshe bei kamili pamoja na ada zote za lazima tangu mwanzo, si kukushtukiza kwenye ukurasa wa kulipia. Ni nafuu kubwa. Lakini ada haijaondolewa, imeonyeshwa tu. Na kodi ya serikali inaweza kuongezwa mwishoni. Kwa tiketi ya dola 300, ada ya dola 5 haikuumi. Kwa tiketi ya dola 12 ni karibu nusu ya bei. Ndiyo maana katika ligi ndogo ada ni jambo la kupigania, tofauti na NBA ambako watu hawaijali.

Chukua mfano wa familia ya wazazi wawili na watoto wawili, na bei za kawaida. Wakinunua mtandaoni: tiketi 4 za dola 15 ni 60, ada ya dola 5 kwa kila tiketi ni 20, ada ya oda ni 3, maegesho 15, hotidogi 4 za dola 7 ni 28, soda 4 za dola 5 ni 20. Jumla dola 146. Familia ileile ikinunua dirishani isikotozwa ada, ikaegesha mitaa miwili kutoka hapo bure, ikala nyumbani na kununua bisi mbili za dola 6: tiketi 60, bisi 12. Jumla dola 72. Mechi ni moja, viti ni vilevile.

Hatua ya 4: Nunua kwa mpangilio huu

Kwanza, piga simu au nenda kwenye dirisha la tiketi la ukumbi, uulize swali moja: "Mkiuza dirishani, mnatoza ada?" Baadhi ya kumbi hazitozi kabisa, nyingine hutoza kidogo, chache hutoza sawa na mtandaoni. Uliza pia saa za kufungua, kwa sababu madirisha mengi ya ligi hii hufunguliwa siku ya mechi tu, saa moja au mbili kabla.

Pili, kama dirisha liko mbali, nenda kwenye tovuti ya timu yenyewe na ufuate kiungo chake cha tiketi. Usianze kwenye injini ya kutafuta, maana matokeo ya juu mara nyingi ni ya wauzaji wa mkono wa pili wenye tovuti zinazofanana na za timu. Katika ligi hii tiketi ya mkono wa pili huwa ghali kuliko ile halisi ambayo bado ipo dukani. Watu hununua kiti cha dola 14 kwa dola 38 huku timu ina viti mia saba havijauzwa.

Tatu, tazama vifurushi. Kifurushi cha familia huwa tiketi 4, hotidogi 4 na soda 4 kwa bei moja. Kigawanye kwa 4 kisha ulinganishe na tiketi tupu, na kama watoto hawali hotidogi kiache. Wasiokula nguruwe waulize nyama ya soseji ni ya nini. Soseji ya ng'ombe hupatikana kumbi nyingi lakini si lazima iwe ndiyo iliyo kwenye kifurushi. Vocha za msimu, kwa mfano 10 zinazotumika mechi yoyote, ndizo tunazozipendekeza kuliko zote kwa familia: unaweza kutumia 5 siku moja na 5 nyingine, na hakuna mechi inayokupotea. Kasoro yake ni mbili. Vocha inabidi ubadilishe iwe tiketi kabla ya siku, na mara nyingi haifanyi kazi kwenye mtoano. Mwisho wa Machi watu hubaki na vocha 3 mfukoni ambazo hazina mechi tena.

Mtoto wa chini ya miaka 2 kwa kawaida huingia bure akikaa mapajani. Kumbi nyingine huweka mpaka kwenye miaka 3. Uliza, na chukua nakala ya cheti cha kuzaliwa kama mtoto ni mkubwa wa umbo.

Hatua ya 5: Kiti

Fungua ramani ya ukumbi na utafute magoli mawili na mabenchi mawili ya timu. Hivyo vinne ndivyo vinavyoamua.

Nyuma tu ya benchi la timu panaonekana pazuri kwenye ramani. Ukifika unakuta watu wa futi 6 na inchi 9 wamesimama mbele yako nusu ya mechi. Panafaa kwa anayetaka kumsikia kocha, hapafai kwa mtoto. Kama ni lazima ukae upande huo, panda hadi mstari wa 6 au wa 7.

Upande unaotazamana na mabenchi, katikati ya uwanja, mstari wa 4 hadi wa 10, ndipo penye thamani kuliko pote. Unaona pande zote, na unaona nyuso za wachezaji wanapobadilishwa. Kama bei imezidi, nenda pembeni, kwenye kona, palepale mstari wa 5 kwenda juu. Kutoka kona unaona jinsi mchezaji anavyojiweka kuzuia njia na mwenzake anavyozunguka, kitu ambacho aliye katikati hukikosa.

Nyuma ya goli ni rahisi na ni karibu sana, lakini mpira hutoka kwa kasi na mtu wa kilo 110 anaweza kukuangukia. Usimkalishe mtoto mstari wa kwanza hapo akiwa na simu mkononi. Aangalie mpira.

Kumbi ndogo nyingi zina mabenchi marefu yasiyo na mgongo badala ya viti, na mechi huchukua kama saa mbili. Chukua kitenge au khanga, ikunje mara nne, ikalie. Mito ya kukalia huzuiwa milangoni sehemu nyingine, lakini khanga iliyofungwa kiunoni haimsumbui mlinzi yeyote, na ikifika saa ya mtoto kulala unamfunika nayo.

Hatua ya 6: Tiketi kwenye simu

Tiketi karibu zote sasa ni za simu. Msimbo unaosomwa mlangoni hujibadilisha kila baada ya sekunde chache, kwa hiyo picha ya skrini haifanyi kazi. Ukimtumia binamu yako picha kwa WhatsApp, atasimama mlangoni akirudishwa. Mtumie tiketi yenyewe kwa kitufe cha kuhamisha ndani ya programu. Ataipokea kwa barua pepe au ujumbe, atafungua akaunti, ataikubali. Kazi hiyo ifanyike usiku wa kuamkia mechi, maana kufungua akaunti kunataka msimbo wa uthibitisho, na mtandao wa simu milangoni huelemewa.

Ukiwa nyumbani kwenye Wi-Fi, hifadhi kila tiketi kwenye pochi ya simu. Baada ya hapo inafunguka hata bila intaneti. Chaji simu. Mwenye tiketi 5 kwenye simu moja ahakikishe wote 5 wanaingia pamoja. Akitangulia, wanaobaki nyuma hawana cha kuonyesha.

Simu ikizima, nenda dirishani na kitambulisho chenye jina lilelile lililonunua. Hapa majina yetu huleta taabu: akaunti ina jina la baba mwanzoni, kitambulisho kina majina matatu, kadi ya benki ina mawili. Andika kwenye akaunti kama kilivyo kitambulisho chako, herufi kwa herufi.

Hatua ya 7: Ukileta kundi

Kwa kwaya, chama cha wanajumuiya au timu ya vijana, kuanzia watu 10 au 15 unapata bei ya kundi na, muhimu zaidi, unapata mtu wa timu anayeshughulikia oda yako mwanzo hadi mwisho. Mpigie wiki 6 hadi 8 kabla.

Mwulize mambo matatu. Je, kuna kiasi kinachorudi kwa kundi kwa kila tiketi? Timu nyingi hufanya hivyo kama njia ya kuchangisha, dola chache kwa tiketi kupitia kiungo maalumu cha kundi. Je, kuna nafasi ya kufanya onyesho wakati wa mapumziko, au kuimba wimbo wa taifa kabla ya mechi? Timu za ligi hii hutafuta vikundi vya ngoma na kwaya kila msimu, na sharti lake la kawaida ni kundi kuuza idadi fulani ya tiketi. Mapumziko ni kama dakika 15, lakini onyesho lenyewe hupewa 4 au 5. Ngoma zinazohitaji kuwambwa au kupashwa joto ziandaliwe nje kabla, na mkague mlango wa kupitishia ala, kwa sababu ngoma kubwa haipiti kwenye kigunduzi cha chuma. Swali la tatu: lini ni siku ya mwisho ya kutaja idadi kamili bila kulipia wasiokuja?

Swali hilo la tatu ndilo linalowaumiza viongozi. Watu 40 hukubali kanisani, 27 hulipa, na kiongozi hubaki na tiketi 13 zilizolipiwa kutoka mfukoni mwake. Kusanya pesa kwanza, oda baadaye. Hakuna njia nyingine inayofanya kazi.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Milango hufunguliwa saa moja kabla. Fika dakika 50 kabla kama unataka kuona wachezaji wakipasha misuli. Wakati huo mtoto anaweza kusogea karibu na mstari na walinzi huwa wapole.

Begi ni tatizo la kila siku. Kumbi nyingi huruhusu begi la plastiki linaloonekana ndani, lisilozidi inchi 12 kwa 6 kwa 12, pamoja na kipochi kidogo cha ukubwa wa kiganja. Nyingine haziruhusu begi kabisa. Begi la nepi kwa kawaida hupita baada ya kukaguliwa, mtoto mwenyewe akiwepo. Hakuna kabati la kuwekea mizigo, kwa hiyo begi lililokataliwa hurudi kwenye gari, na kama ulikuja kwa basi, umekwama nje.

Chakula cha nyumbani hakiingii. Kuleni vizuri kabla ya kuondoka. Chupa ya maji iliyo tupu huruhusiwa kumbi nyingi na ndani kuna bomba. Hiyo peke yake inaokoa dola 20 za soda kwa familia.

Fedha taslimu hazipokelewi tena madukani kwenye kumbi kadhaa. Baadhi zina mashine inayomeza noti na kukupa kadi ya malipo, na nyingine za mashine hizo hukata kitu kidogo. Ukiwa na babu asiye na kadi, mlipie wewe akupe mkononi.

Katika miji ya baridi, makoti manne ya theluji hujaza kiti cha tano ambacho hukulipia. Acheni mawili garini. Theluji ikizidi na mechi ikaahirishwa, tiketi yako huhamia tarehe mpya. Usiifute kwenye simu wala usimwuzie mtu kwa hasira.

Ukiwa ndani, jua kanuni moja inayowachanganya wageni. Mchezaji akichezewa rafu ya mitupo miwili au mitatu, katika G League hutupa mara moja tu, na mtupo huo mmoja una thamani ya pointi zote. Akikosa, amekosa zote. Dakika mbili za mwisho za robo ya nne, na muda wa nyongeza, utaratibu wa kawaida hurudi. Sheria hii ilianza msimu wa 2019-20 ili kufupisha mechi, na ndiyo inayofanya mtupo wa dakika ya kwanza uwe na presha kuliko ule wa NBA. Mwambie mtoto mapema, vinginevyo atauliza kila mara ubao ukiruka pointi mbili.

Hatua ya 9: Filimbi ya mwisho ikilia

Usikimbilie mlangoni. Angalia ratiba ya timu kama usiku huo watoto wanaruhusiwa kushuka uwanjani kutupa mpira mmoja mmoja. Foleni hupangwa kwenye kona moja wakati robo ya nne inaendelea, na viatu vyenye visigino au matope hairuhusiwi kukanyagia mbao.

Kwa saini, tafuta njia wanayopita wachezaji kwenda vyumbani, na simama kwenye reli upande wa timu ngeni. Wenyeji huzongwa na watu. Wageni hupita polepole na hawana wa kuwazuia. Kalamu ya wino usiofutika, nyeusi, iwe imefunguliwa kifuniko kabla hajafika. Fulana ishikwe ikiwa imevutwa kwa mikono miwili ili kitambaa kisikunjamane chini ya kalamu. Mtoto ataje jina la mchezaji, ambalo limeandikwa kwenye karatasi ya vikosi inayopatikana bure kwenye meza ya mlangoni, kisha asubiri. Ana sekunde kama tano.